Samaki wa Madimbwi ya Unguja Sebuleni Kwako

Masika yakishika kasi hapa Unguja, sisi wa mjini tunajua la kufanya. Kuanzia Mlandege hadi Mwanakwerekwe ni kandambili mkononi, kanga kichwani, na ndoo chini ya kila bati linalovuja. Huko shamba nako maji hutuama kwenye mabonde ya mpunga na kwenye vinamasi ambavyo kiangazi kizima vilikuwa udongo mkavu uliopasukapasuka. Pitia hapo wiki chache baada ya mvua kubwa, simama ukingoni, utazame maji kwa utulivu. Utaona samaki. Mwezi wa pili ng'ombe walikuwa wakipita juu ya udongo huo, hapana mto unaoingia wala unaotoka, na sasa kuna samaki wazima wenye mikia myekundu kama ua la mkrismasi.

Wazee wengine husema samaki hao wamenyesha pamoja na mvua. Hawakunyesha. Walikuwa humo humo udongoni, ndani ya mayai madogo kama punje za ulezi, wakingoja.

Akina mama wenzangu, kwa kuwa mimi ni muuguzi, huniuliza kama kuweka tangi la samaki ndani ya nyumba kuna madhara kwa watoto. Huuliza kwanza hilo, kisha huuliza waweke samaki gani. Maswali yote mawili nitayajibu hapa, na nitaanza na la pili, maana jibu lake ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Samaki mwenyewe

Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaopenda kutengeneza tangi linalofanana na mahali pamoja tu duniani. Mmoja atachagua mto wa Afrika Magharibi: ataweka mchanga, magogo, majani makavu, maji yenye rangi ya chai, na ndani yake samaki wa Nijeria na Kameruni peke yao, kama yule mdogo mwenye tumbo la waridi wanayemwita kribensis. Hachanganyi samaki wa Amazoni na wa Asia katika maji mamoja. Mimi napenda wazo hilo. Tangi la namna hiyo hufundisha, kwani mtoto akilitazama anaona jinsi kiumbe na makao yake vinavyolingana.

Lakini sisi wa Unguja hatuna haja ya kuagiza mto wa Kameruni. Samaki wa madimbwi yetu anatafutwa na watu hao hao, na wamemfuga miaka mingi. Jina lake la kitaalamu ni Nothobranchius guentheri. Mjerumani Franz Stuhlmann alikusanya samaki wa sehemu hizi mwaka 1888 na 1889, na mwaka 1893 Georg Pfeffer wa Hamburg akaandika maelezo ya samaki huyu na kumpa jina la kumheshimu Albert Günther, bingwa wa samaki wa jumba la makumbusho la London. Makao yake ya asili ni kisiwa hiki cha Unguja tu. Yaani ukitaka kumwona akiogelea mahali alipozaliwa pasipo mkono wa mtu, huna budi kuja kwetu. Ajabu ni kwamba mtoto wa Berlin anaweza kumfahamu, na wa Mlandege asipate hata kumsikia.

Dume ana urefu wa kidole cha mtu mzima, sentimita tano hivi. Mwili wake ni wa buluu inayoelekea kijani, kila gamba limezungushiwa ukingo wa rangi ya kutu hata aonekane amevaa wavu, na mkia ni mwekundu wenye uzi mweusi mwembamba pembeni. Jike ni mdogo kidogo, rangi ya udongo, hana pambo lolote. Ana sababu nzuri: korongo na vyangechange hawamwoni upesi.

Maisha yake ni mafupi. Dimbwi likijaa anatoka katika yai, baada ya wiki sita hadi nane amekwisha kukomaa, na tangu hapo jike hutaga mayai machache machache karibu kila siku, yai moja moja, akiyafukia matopeni. Jua likirudi, maji yanapungua, samaki wote wanakufa. Mayai yanabaki. Ndani ya yai kijusi hukua kidogo, kisha husimama kama aliyelala, hukua tena, husimama tena. Wala hayaamki yote pamoja. Yakilowa kwa mvua ya siku mbili inayodanganya, baadhi hutoka na kufa kiu, lakini mengine huendelea kulala yakingoja masika ya kweli. Kwa njia hiyo ukoo hauishi.

Kwanza kichocho

Sasa naingia katika lile swali la madhara, na hapa naomba unisikilize kama ungenisikiliza kliniki.

Hatari kubwa ya samaki huyu haimo ndani ya tangi. Imo kule anakotoka. Madimbwi, vijito na mabonde ya mpunga ya Unguja yana konokono wadogo wa maji baridi, na konokono hao ndio wanaobeba vijidudu vya kichocho. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa majini, mayai ya vijidudu huanguliwa na kuingia katika konokono. Humo huongezeka, kisha hutoka kwa maelfu, visivyoonekana kwa macho, na kutoboa ngozi ya yeyote aliyeingiza mguu. Haihitaji kidonda. Haihitaji kunywa maji. Kwetu ni kile kichocho cha kibofu, kinachomfanya mtoto akojoe damu, na kikiachwa miaka huharibu kibofu na figo. Kazi kubwa imefanywa visiwani kukiondoa, kwa kugawa dawa ya prazikwanteli skulini na majumbani na kwa kuwaua konokono, na wagonjwa wamepungua sana. Kupungua si kwisha.

Kwa hiyo mtoto asitumwe kuvua samaki hawa. Kamwe. Aende mtu mzima, avae mabuti ya mpira na glavu ndefu, asimame ukingoni na atumie wavu wenye mpini mrefu. Amwombe ruhusa mwenye konde, na amjulishe sheha, maana mtu anayevinjari na wavu kwenye bonde la mpunga la watu atatiliwa shaka, na ni haki yao. Achukue wachache tu: madume mawili na majike manne au matano yanatosha nyumba kadhaa, kama nitakavyoeleza. Samaki wakae katika ndoo yenye mfuniko uliotobolewa matundu siku mbili kamili, mahali penye kivuli na mbali na mikono ya watoto. Vijidudu vya kichocho vikishatoka katika konokono haviishi zaidi ya saa 48 visipopata mtu. Baada ya hapo hamisha samaki kwa wavu mdogo, na maji ya ndoo yamwage kwenye mchanga mkavu, si mtaroni.

Konokono asiingie nyumbani, hata mmoja, hata akiwa mzuri vipi. Saa 48 hazimhusu yeye. Akiwa na ugonjwa ataendelea kutoa vijidudu kila siku. Mimea ya majini nayo hubeba mayai ya konokono chini ya majani, na kwa sababu hiyo mimi sichukui mayungiyungi wala majani yoyote kutoka madimbwini, ingawa tangi lingependeza zaidi. Ukiyataka mapambo hayo, tafuta kwa mtu anayeyaotesha kwenye maji ya bomba.

Tangi na maji yake

Fundi vioo yeyote anayetengeneza madirisha ya alumini anaweza kukuundia tangi. Mwambie urefu sentimita 60, upana 30, kimo 30. Hilo huchukua lita 54, na linatosha dume wawili na wake zao. Kioo kiwe cha milimita 5 au 6. Jambo la kumsisitizia ni gundi: aitumie silikoni tupu isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo, inayowekwa katika silikoni za bafuni, huua samaki. Liache siku kadhaa hadi ile harufu ya siki iishe kabisa, kisha lijaze maji uwani ulipime kama linavuja kabla hujaliingiza ndani.

Lita 54 ni kilo 54, na ukiongeza kioo na mchanga unakaribia gunia zima. Meza ya televisheni haifai. Wanaokaa katika nyumba za kale za Mji Mkongwe, zenye sakafu za boriti, waliweke ukutani na wasithubutu kuliweka katikati ya chumba. Mtoto anayejifunza kutembea hujivuta juu kwa kushika chochote, kwa hiyo meza iwe nzito na isiyoyumba. Waya wa umeme uachwe uning'inie chini kidogo ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likiteremka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi.

Lisipigwe na jua. Dimbwi liko juani, ni kweli, lakini dimbwi lina ardhi inayolipoza, kioo hakina. Digrii 24 hadi 27 zinamfaa samaki huyu. Maji yakipata joto zaidi anakula sana, anakua mbio, na anazeeka mapema.

Chini weka mchanga mweusi wa mtoni uliooshwa vizuri, usiwe wa pwani wenye chembe za kombe na chumvi. Juu yake tawanya majani makavu ya mkungu. Mti huu tunao kila kona, na wafugaji wa Ulaya huyanunua majani yake kwa fedha nzuri! Okota yaliyoanguka yenyewe yakiwa ya kahawia, mbali na barabara na mahali panapopuliziwa dawa, yaoshe, yaanike, weka matatu au manne. Maji yatageuka rangi ya chai nyepesi, kama ya dimbwi lenyewe, na samaki wataonekana kutulia. Jani likiisha kuoza toa, weka jingine.

Maji ya bomba yakae katika ndoo iliyo wazi siku nzima ili klorini itoke, na ndoo isisahauliwe zaidi ya hapo, kwani mbu naye anaitazama. Maji yetu yana chokaa nyingi kwa sababu ya mawe ya kisiwa, hayamdhuru. Visima vya mjini vilivyo karibu na bahari viache ikiwa maji yana ladha ya chumvi. Chumvi kidogo lakini ni dawa: kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya mawe kwa kila lita 10 humkinga na ugonjwa mmoja unaowaandama sana samaki wa jamii hii, ambao humfanya aonekane amenyunyiziwa vumbi la dhahabu na kujikuna kwenye mchanga.

Sasa uvumilivu. Samaki hujisaidia majini humo humo anamopumulia. Taka hiyo hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika tangi lililozoea, bakteria wema wanaoishi mchangani na kwenye sponji ya chujio huibadilisha amonia kuwa kitu kingine, kisha kuwa kitu cha tatu kisicho na madhara makubwa. Hao bakteria hawapo katika tangi jipya, na huchukua wiki nne hadi sita kujenga makao. Kwa muda huo weka samaki wawili watatu tu, walishe kidogo, na badilisha robo ya maji mara mbili kwa wiki. Baadaye mara moja kwa wiki yatosha. Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa ndilo bora, na umeme ukikatika sponji iendelee kulowa. Sponji ioshwe katika maji ya tangi yaliyotolewa, si kwenye bomba, usije ukawaua bakteria uliowangoja mwezi mzima.

Kutoa maji kwa mpira kunahitaji neno moja la muuguzi. Usivute kwa mdomo. Jaza mpira maji kwanza, ziba ncha kwa kidole, kisha achilia. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada, wala mwenye jeraha asiingize mkono. Iko bakteria ya maji ya samaki inayoingia kwenye mchubuko na kuleta kivimbe mkononi kisichopona wiki kwa wiki. Hutibika, lakini dawa za kawaida za vidonda huwa hazisaidii. Ukipata kidonda cha namna hiyo mwambie daktari kwamba unafuga samaki, maana asipojua hatakisia.

Na mbu je?

Tangi lisilo na samaki ni mazalio ya mbu. Lenye samaki hawa ni mtego wao. Huyu anakula viluwiluwi kama mtoto anavyokula ubuyu, na habari hizi si mpya: mwaka 1941 mtafiti Vanderplank aliandika katika jarida la madaktari la Afrika Mashariki kuhusu samaki wa jamii hii na wengine kuwa ni maadui wa viluwiluwi vya mbu wa malaria. Sisemi kwamba dimbwi lenye samaki linatosha. Mbu hutaga hata katika unyayo wa ng'ombe, ambamo samaki hafiki. Malaria Zanzibar imeshuka sana kwa sababu ya dawa mseto zilizoanza kutumika mwaka 2003, na vyandarua na upuliziaji wa nyumba uliofuata. Chandarua chako kibaki pale pale kitandani.

Tena chandarua hicho kisisogee karibu na tangi. Dawa inayotiwa kwenye vyandarua, na ile iliyomo katika udi wa mbu wa kuwasha na katika makopo mengi ya kupulizia, ni ya jamii moja, na ni sumu kali mno kwa samaki. Kwa binadamu haina madhara kwa kiasi kinachotumika, kwa samaki kiasi kidogo sana kinaua tangi zima usiku mmoja. Kwa hiyo usikate kipande cha chandarua kuukuu ukatengenezea wavu wa kuvulia au mfuniko. Maafisa wa kupulizia nyumba wakija, zima pampu ya hewa, funika tangi kwa nailoni na taulo juu yake, na lihamishie samaki chumba kingine ukiweza kabla hawajaanza.

Mfuniko ni lazima. Samaki hawa huruka. Kioo chembamba au wavu wa plastiki wa dirishani usio na dawa utafaa.

Kwa chakula, vile vipande vikavu vya dukani wengi huvikataa. Wanataka kinachocheza. Viluwiluwi kutoka katika pipa la jirani ni karamu, nawe umemfanyia jirani hisani. Lakini usifuge viluwiluwi kwa makusudi. Ukisahau siku tatu umewaachilia mbu mtaani, na mbu wa kidinga popo anayezaa katika vyombo vya majumbani hatuhitaji kumwongeza. Siku ambazo hakuna viluwiluwi, nyungunyungu aliyeoshwa na kukatwa vipande vidogo kama punje za mchele, au duvi mbichi asiye na chumvi, watakula. Kidogo, mara mbili kwa siku.

Makumbi yenye mayai

Hapa ndipo penye utamu wenyewe, na hapa kisiwa chetu kimetubariki kwa namna nyingine. Wafugaji wa ng'ambo hutumia udongo mweusi wa vinamasi vya nchi za baridi kwa ajili ya mayai. Sisi tuna makumbi ya nazi. Chukua makumbi makavu, yasiwe yale yaliyozikwa pwani kwa kusokotea kamba, kwani hayo yamejaa chumvi. Yapondeponde, pekecha, chukua ule unga na usumba mfupi unaopukutika. Uchemshe, umwage maji mekundu, urudie mpaka maji yatoke karibu meupe. Jaza unga huo katika kopo pana la aiskrimu lenye mfuniko, kata tundu mfunikoni la kuingia samaki, ukalizamishe tangini.

Dume atamwita jike kwa kutetemesha mapezi, atamlaza ubavuni, na wote wawili watajipenyeza katika unga. Madume wawili wakiwa pamoja watagombana, kwa hiyo majani na magogo ya kujifichia yawepo, na majike yazidi madume.

Baada ya wiki moja au mbili toa unga, ukamue kwa mkono taratibu. Mayai hayapasuki, ni magumu kuliko unavyodhani. Uanike kivulini juu ya gazeti mpaka uwe na unyevu wa chicha la nazi lililokamuliwa vizuri: ukilifumbata linashikana, ukiliachia linaachana, na halidondoshi tone. Tia katika mfuko wa nailoni, funga, weka ndani ya kabati mahali pasipo joto kali. Ndiyo kusema umekiweka kiangazi mfukoni. Kwa samaki huyu miezi mitatu hivi hutosha. Ukichukua yai ukalitazama kwa kioo cha kukuzia na kuona macho mawili yenye duara inayong'aa yakikutazama, yako tayari.

Mimina unga katika beseni, tia maji ya baridi kidogo kimo cha vidole vinne. Watu wa nyumbani waitwe, maana haichukui siku. Ni saa chache tu. Kwanza utaona kama nyuzi zinazorukaruka, kisha ni samaki. Wape chembe za yai la kuku lililochemshwa, kidogo mno, ikiwa huna wadudu wadogo wa maji. Badilisha maji kila siku. Unga ule usitupe. Uukamue, uurudishe katika mfuko kwa mwezi mwingine, kisha uuloweshe tena. Wale waliolala usingizi mrefu watatoka mara ya pili, wakati mwingine hata ya tatu.

Iko siku mtoto atauliza mbona yule dume mkubwa amefifia rangi, mgongo umepinda, hali tena. Usimwambie kuwa anaumwa, wala usikimbilie kumnunulia mwingine usiku ili asijue. Mwambie ni mzee. Katika tangi huishi mwaka mmoja au kidogo zaidi, na ndani ya mwaka huo hupitia yote anayopitia babu kwa miaka 80. Wanasayansi wanaochunguza uzee waliligundua hilo zamani. Samaki huyu wa Unguja alichunguzwa Marekani miaka ya 1970, na jamaa yake wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, anayeishi miezi michache tu, sasa yumo katika maabara za nchi nyingi. Nimekaa na wagonjwa wengi dakika zao za mwisho, na naona watoto wa siku hizi tunawaficha mno mambo haya. Yule aliyemwona samaki akizeeka, akamzika chini ya mpapai, kisha akalowesha mayai ya huyo huyo, huwa ana maswali mazuri zaidi darasani kwangu siku ya Jumapili.

Wakizidi?

Watazidi. Usiwamwage mtaroni wala dimbwini, hata dimbwi walikotoka wazazi wao, kwani unaweza kupeleka ugonjwa. Na samaki wa kigeni wa dukani ndio wasiguse kabisa maji yetu ya shamba. Sangara alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na furu wa aina nyingi sana ambao hawakuwapo kwingine duniani wamepotea. Dimbwi la Unguja ni dogo kuliko ziwa hilo kwa namna isiyosemeka. Samaki mmoja mgeni mwenye mdomo mkubwa anatosha.

Hata pasipo wageni, madimbwi yanapungua. Mji unapanuka, vifusi vinamwagwa, nyumba zinajengwa mabondeni. Simlaumu anayetafuta kiwanja. Nami nina watoto watakaohitaji kujenga. Lakini kiumbe asiye na kwao kwingine duniani akifukiwa na lori tatu za kifusi, hatafutiki mahali pengine. Ukisikia kinamasi cha kwenu kitafukiwa, mwambie sheha mapema, na walau samaki wachache watolewe kwa njia niliyoeleza.

Wanaobaki nyumbani, wagawie jirani, walimu wa skuli, wagonjwa wanaokaa ndani muda mrefu. Iliyo rahisi zaidi ni kugawa ule mfuko wa makumbi, kwani haumwagiki ndani ya daladala na hauhitaji kulishwa. Andika juu yake tarehe uliyoukausha, uandike kwenye kipande cha karatasi kwa kalamu ya risasi na ukitie ndani. Wino wa kalamu ya kawaida hufutika kwa unyevu, na mpokeaji atabaki akikisia. Vilivyokaushwa mwishoni mwa mwezi wa Juni, kwa mfano, vijaribiwe mwanzoni mwa Oktoba, vuli inapokaribia.